DNA Haikuambii Kama Wewe ni Mkinga au Mbena: Kutafuta Nasaba Nyanda za Juu Kusini

Vijana wengi wa Mbeya, Njombe na Iringa wakisikia habari za vipimo vya nasaba huuliza swali moja: nikipeleka mate yangu maabara, wataniambia mimi ni kabila gani? Jibu ni hapana. Kabila halimo kwenye mate, hata maabara iwe ya kisasa namna gani. Kilichomo kina thamani kubwa, lakini kinajibu maswali machache, tena kwa masharti yake. Anayeyajua masharti hayo mapema anaokoa fedha zake, na pengine amani ya nyumba yao.

Kwetu huku nasaba ina mashahidi watatu: wazee, vitabu na damu. Mzee anajua nani alihesabiwa kuwa mtoto wa nani. Kitabu cha ubatizo kinajua nani alitajwa mbele ya padri au mchungaji siku fulani. Damu inajua nani alimzaa nani, basi. Sehemu kubwa ya mkanganyiko hutokea pale mtu anapomuuliza shahidi mmoja jambo ambalo aliliona mwingine.

Nianze na kabila, maana ndipo wengi wanapokwama.

Karne ya 19, Munyigumba na kisha mwanawe Mkwawa waliziunganisha himaya ndogondogo za nyanda za Iringa zikawa dola moja ya Uhehe. Vita vile vilileta mateka na wake kutoka Usangu, Ubena na kwingineko, na wajukuu wa watu hao leo ni Wahehe kamili, wenye mashamba, makaburi na majina ya Kihehe. Wasangu wa chifu Merere nao walisukumwa kutoka nchi yao wakajenga Utengule, upande wa Usafwa, si mbali na ulipo mji wa Mbeya, kabla ya kurudi Usangu baada ya Wajerumani kuvunja nguvu za Mkwawa. Wangoni walikuja wakipigana kutoka kusini, na utani wa Wahehe na Wangoni misibani ni kumbukumbu ya mapigano hayo. Koo za wakuu wa Kinyakyusa husimulia kwamba wazee wao waliteremka kutoka milima ya Ukinga. Sasa, katika mchanganyiko huo, ni tone lipi la damu litakaloitwa la Kihehe au la Kinyakyusa?

Asilimia zinazoletwa na kampuni za vipimo hupatikana hivi. Kampuni inakusanya sampuli za watu ambao babu na bibi zao wote wanne wanatoka eneo moja, kisha inawapanga kwa makundi. Vinasaba vyako (ndiyo DNA) vinakatwa vipande vipande, na kila kipande kinalinganishwa na makundi hayo. Ukiambiwa una asilimia 80 ya kundi fulani, maana yake ni kwamba vipande hivyo vimefanana zaidi na watu wa kundi hilo kuliko wa makundi mengine yaliyomo kwenye hazina ya kampuni. Kama hazina haina Wabena, hakuna Mbena atakayetoka humo, hata kama koo zenu zimekaa Lupembe tangu enzi. Ndiyo maana watu wetu huletewa majibu yanayotaja Kenya au Msumbiji, au Wabantu wa mashariki na kusini mwa Afrika kwa ujumla. Na hazina ikiongezwa watu, asilimia hubadilika ingawa mate ni yaleyale.

Kuna sababu nyingine ya ndani zaidi. Wasemaji wa lugha za Kibantu walianza kusambaa kutoka eneo la mpaka wa Nigeria na Kameruni miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Kwa hesabu ya vinasaba huo ni muda mfupi, na waliofika huku wameendelea kuoana. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Sarah Tishkoff lilichapisha uchunguzi wa jamii 121 za Afrika, zikiwamo nyingi za Tanzania, na likaona makundi 14 ya asili. Kwa kiwango hicho Wahadzabe na Wasandawe walijitenga waziwazi na majirani zao. Kumtenga Mkinga na Mwanji ni jambo jingine kabisa.

Wazee kwanza, na namna ya kuwauliza

Jina la ukoo ni mwanzo mzuri wa utafiti, lakini peke yake si ushahidi wa udugu. Akina Sanga wamejaa Makete, Njombe, Mbeya mpaka Kariakoo, na jina hilo linagusa ukoo wa watawala wa Ukinga. Sanga wawili wakikutana stendi ya Makambako wanaweza wasiwe na babu mmoja hata ukirudi vizazi sita. Majina ya Kinyakyusa yanayoanza na Mwa- yanakupeleka kwa babu fulani, ila babu wawili wa mabonde mawili waliweza kuwa na jina moja. Kwa hiyo jina liandike pamoja na mahali: kijiji, mto, kilima, kaburi. Kwa Wahehe uliza pia mwiko wa chakula unaofuata ukoo wa baba. Wawili wenye jina moja na mwiko mmoja wana sababu nzuri zaidi ya kutafutana kuliko wenye jina tu.

Ukimwendea bibi ukamwambia akueleze historia ya ukoo, atakupa habari ya mwasisi aliyetoka mbali akivuka mto, na hapo atanyamaza. Muulize vitu vidogo. Kaburi la nani liko chini ya ule mti? Wewe bibi ulipewa jina la nani? Mahari ya shangazi mkubwa ilipokelewa na nani? Babu alipofariki, nyumba yake ilirithiwa na nani? Maswali ya mahari na urithi yanaleta ukweli mwingi, kwa sababu mambo hayo yalikuwa na mashahidi na mara nyingi na ugomvi, na ugomvi husahaulika pole pole.

Swali la urithi lina uzito wake Unyakyusani na sehemu nyingine nyingi za nyanda hizi, ambako mtu akifa ndugu yake aliweza kurithi mke na watoto. Ndugu huyo aliitwa baba, na kweli alikuwa baba: alilea, alitoa ng'ombe wa mahari, na watoto wale ndio waliomzika. Lakini kwenye mti wa ukoo unahitaji mistari miwili. Unaweza kuuliza kwa adabu: "Shikamoo bibi. Yule baba yake babu tunayemtaja, ndiye aliyemzaa, au ni mdogo wake aliyerithi nyumba?" Wazee hawakasirishwi na swali hilo likiulizwa faraghani. Hukasirika likiulizwa mbele ya wakwe.

Jambo jingine ni ujirani. Monica na Godfrey Wilson, walioishi Unyakyusani wakifanya utafiti miaka ya 1930, walieleza jinsi wavulana walivyoondoka kwa baba zao na kujenga vijiji vya marika. Kijiji kilikuwa cha watu wa umri mmoja, si cha ukoo mmoja. Kwa hiyo kukuta mababu wawili walikaa kijiji kimoja hakuthibitishi kwamba walikuwa ndugu. Kisha vikaja vijiji vya Ujamaa katikati ya miaka ya 1970, watu wakahamishwa mbali na makaburi yao, na watoto waliozaliwa baada ya hapo wanataja kijiji kipya kama asili. Muulize mzee walikuwa wapi kabla ya kuhamishwa.

Katika orodha za vizazi, vizazi vya katikati hudondoka. Mwasisi anabaki, wanne au watano wa karibu wanabaki, na wale wa katikati wanaungana au kupotea. Mzee akihesabu majina saba kutoka kwake hadi kwa mwasisi, ichukue saba kuwa idadi ya chini. Waliodondoka zaidi ni wanawake. Nasaba zetu nyingi zinasomwa kwa upande wa baba, na bibi mzaa bibi anabaki "mke wa fulani". Jina lake la kwao, kabla hajaolewa, ndilo la kulikimbilia kuliko yote, kwa sababu linategemea vichwa viwili vitatu vya wazee ambao hatutakuwa nao muda mrefu.

Kabla hujaondoka, omba kuona sanduku. Humo mna kadi za ubatizo, stakabadhi za kodi ya kichwa, vipande vya kazi kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro au machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya. Na mna zile historia za marehemu zinazosomwa kabla ya mazishi. Karatasi hizo hutupwa mara matanga yakiisha, nami naona uchungu kila nikilifikiria jambo hilo: zinataja mwaka wa kuzaliwa, wazazi, ndugu kwa mpangilio, shule, kazi, watoto, wajukuu, na ziliandikwa na watu waliomjua marehemu. Zipige picha zote.

Vitabu vya misheni

Wakati wa ukoloni usajili wa lazima wa vizazi haukuwahusu Waafrika. Kwa familia nyingi za huku, karatasi ya kwanza kabisa kumtaja babu ni ya kanisa. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huohuo Misheni ya Berlin ilianza kazi Unyakyusani, kisha ikapanda Ukinga na Ubena: Bulongwa, Tandala, Kidugala, Ilembula, Lupembe. Kwa Wakatoliki, Wabenedikto walifungua Tosamaganga karibu na Iringa miaka ya 1890, na mwaka 1919 Wakonsolata kutoka Italia wakaipokea.

Kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki kina tarehe, jina, wazazi, msimamizi na mahali, mara nyingi kwa Kilatini, na pembeni huongezwa habari ya ndoa miaka mingi baadaye. Usiruke jina la msimamizi, maana pengine alikuwa ndugu. Vitabu vya Kilutheri na vya Kimoravian vya mwanzo vina mkono wa Kijerumani. Mjerumani alisikia kwa sikio lake: Mwakaleli akaiandika Muakaleli, Nyasa akaiandika Njassa, na sauti ya "ch" akaiweka kwa herufi nne, tsch. Ukitafuta jina kwa tahajia ya leo tu, utampita babu yako kwenye ukurasa ulioufungua.

Majina ya mahali nayo yamehama. Tukuyu katika nyaraka za Kijerumani ni Neu-Langenburg. Iringa ya kabla ya kuanguka kwa ngome ya Mkwawa mwaka 1894 ni Kalenga. Njombe ilikuwa wilaya ya Iringa mpaka ilipopewa mkoa wake mwaka 2012, na Songwe ilitoka Mbeya mwaka 2016, kwa hiyo jalada la familia ya Vwawa litakuwa chini ya Mbeya.

Utakutana pia na mapengo. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipoingia, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na baadhi ya vituo vikaangaliwa na Waskoti wa Livingstonia kutoka ng'ambo ya mto Songwe. Wajerumani walirudi katikati ya miaka ya 1920, wakaondolewa tena vita vya 1939 vilipoanza. Ukiona kurasa tupu za miaka hiyo, usidhani familia yenu iliacha kubatizwa. Nakala za taarifa na shajara za vituo zilikwenda Ulaya: za Wamoravian ziko Herrnhut, za Misheni ya Berlin ziko Berlin, na wakutubi wake hujibu barua pepe.

Nyaraka za Taifa zilizoko Dar es Salaam zina majalada ya Wajerumani na Waingereza, pamoja na vile vitabu vya wilaya ambamo wakuu wa wilaya waliandika historia za makabila na nasaba za machifu. Hapo kuwa mwangalifu: waliohojiwa walikuwa machifu, na nasaba zao zilitumika kutetea madaraka. Mkulima wa Ilembo hamo. Kama kwenu ni kusini ya Tukuyu au magharibi ya Tunduma, kumbuka kwamba mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1890 ulipitisha mpaka katikati ya jamaa. Wanyakyusa na Wangonde wa Karonga wanaongea lugha moja, na Wanyiha na Wanamwanga wako pia Zambia. Ndugu wa babu yako anaweza kuwa kwenye majalada ya Zomba au Lusaka.

Maktaba kubwa kuliko zote duniani kwa nasaba iko Salt Lake City, Marekani. Ilianza mwaka 1894 kama chama cha nasaba cha Wamormoni, ikaanza kupiga picha za vitabu kwenye filamu mwaka 1938, na mwaka 2021 ikamaliza kuziweka kidijitali filamu zake karibu milioni 2.4. Hazina hiyo inapatikana bure kwenye tovuti ya FamilySearch, na mtu yeyote anaruhusiwa kujisajili. Sehemu kubwa ni Ulaya na Amerika, kwa hiyo mtu wa Mufindi asitarajie kumkuta babu kwa kuandika jina. Ila wanatoa mti wa ukoo wa bure wa kuhifadhia majina, picha na sauti, na katika nchi kadhaa za Afrika wamewatuma wahojaji vijijini kurekodi nasaba za wazee, kwa kuwa waligundua kwamba kumbukumbu zetu haziko kwenye karatasi.

Damu, ukiwa na swali

Kuna vipimo vya aina tatu. Cha kwanza husoma kromosomu Y, fungu la vinasaba ambalo baba humpa mwanawe wa kiume karibu bila kubadilika, na kwa hiyo kinafuata njia ileile ya ukoo wa baba. Cha pili husoma vinasaba vya mitokondria, sehemu ndogo ya seli ambayo mama huwapa watoto wote, na binti ndiye anayeendelea kuirithisha. Cha tatu, ndicho kinachouzwa zaidi, husoma kromosomu zile nyingine zote zilizochanganywa kutoka pande zote mbili.

Kama familia mbili zenye jina moja, moja ya Busokelo na nyingine ya Kyela, zinataka kujua kama babu ni mmoja, wanaume wawili wapime Y. Kipimo cha tatu hakitawasaidia sana ikiwa babu huyo yuko mbali. Mtoto ana nusu ya vinasaba vya mzazi, mjukuu robo, kitukuu moja ya nane, na kuendelea hivyo. Ndugu wa kizazi cha nne huweza wasiwe na kipande kimoja kinachoonekana kwa pamoja, ingawa nasaba yao ni ya kweli kabisa.

Hapa ndipo desturi zetu zinapoitatiza mashine. Watoto wa baba mmoja na mama tofauti wanashiriki takriban asilimia 25. Mjomba na mpwa wake, vilevile 25. Bibi na mjukuu, vilevile. Maabara haiwezi kuchagua kati yao bila kujua umri na historia. Sasa chukua mama aliyezaa na mume wake, mume akafa, akarithiwa na mdogo wa marehemu, akazaa tena. Watoto hao wawili ni ndugu kwa mama, na kwa upande wa baba ni watoto wa ndugu wawili, kwa hiyo 25 inaongezewa 12.5 na kuwa 37.5. Ndugu kamili wana kama 50. Kampuni itawaita ndugu kamili au ndugu wa upande mmoja, na majina yote mawili yatakuwa na kasoro. Aliyemuuliza bibi habari za urithi ataisoma namba hiyo bila kutetereka. Ambaye hakuuliza anaweza kuamini kwamba mama alidanganya.

Nguvu ya DNA inaonekana swali likiwa na jina. Mwaka 1954 Gavana Edward Twining alirudisha Kalenga fuvu la Mkwawa kutoka makumbusho ya Bremen, miaka 35 baada ya Mkataba wa Versailles kuagiza lirudishwe. Alilichagua kwa kulinganisha vipimo vya mafuvu na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Kipimo cha vinasaba hakikuwepo, na ndiyo sababu wapo wanaoendelea kuuliza kama ndilo. Linganisha na kazi iliyotangazwa mwaka 2023 ya watafiti wa Berlin waliochunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Wajerumani. Manane tu yalikuwa na maandishi ya kutosha kuelekeza kwa familia fulani. Wakatafuta familia hizo, wakalinganisha vinasaba, na mafuvu matatu yakapata ndugu walio hai Kilimanjaro, mojawapo likiwa la msaidizi wa karibu wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga aliyenyongwa mwaka 1900. Kilichofungua njia ni majina machache yaliyoandikwa pamoja na mafuvu, na wazee wa Uchaga waliojua familia zenye majina hayo ziko wapi.

Upande wa sheria, Tanzania ina Sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu, ikiwamo kukusanya, kusafirisha na kuchambua sampuli. Kabla hujaweka mate kwenye bahasha ya kwenda nje, uliza ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Tangu mwaka 2023 inatumika pia sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Tahadhari hizi zina msingi: mwaka 2023 wadukuzi walipata taarifa za wateja karibu milioni 6.9 wa kampuni ya vipimo ya 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba kinga ya kufilisika, wateja wakabaki wakijiuliza vinasaba vyao vitauzwa kwa nani.

Vinasaba vyako ni vya ndugu zako pia. Anayepima peke yake anafungua siri ya mama, ya shangazi, ya marehemu asiyeweza kujieleza. Naamini kabisa kwamba jambo hili lipite kwenye kikao cha ukoo kwanza: nani atapima, nani ataona majibu, na yakija yasiyotarajiwa nani atamwambia nani. Na kama kiini cha yote ni matunzo ya mtoto au mirathi ya shamba, kifaa cha kununua mtandaoni hakikufai. Hapo njia ni Mkemia Mkuu, kwa maombi yanayopitia mahakama, wakili au ustawi wa jamii, na wahusika huchukuliwa sampuli mbele ya mtaalamu baada ya kutambuliwa kwa vitambulisho vyao.